Dawa za homa ya ini C na kinachotokea ndani ya seli: mwongozo kamili kwa mgonjwa na anayemuuguza, Mwanza na visiwani

Mzee mmoja wa Ukara alinikuta maabara Jumatatu asubuhi, bahasha ya kaki mkononi. Alikuwa wiki ya tatu ya dawa za homa ya ini C. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akakaa na kunyoosha mkono wa kushoto nimtoe damu. Bahasha ilikuwa imetuna, nikamwomba aifungue. Ikatoka chupa ya sofosbuvir, ikatoka ya daclatasvir, kisha kipande cha gazeti kilichoviringishwa kama cha karanga. Ndani yake vidonge vidogo vyeupe.

"Hivi vya nini, mzee?"

"Vya zamani hivyo, mwanangu. Vya usiku."

Vilikuwa phenobarbital. Mzee ana kifafa tangu ujana wake na hospitalini hakumwambia mtu, maana kwao kifafa hakitajwi mbele za watu, na kusema kweli hakuna aliyemuuliza. Wiki tatu nzima alikuwa anameza dawa ya ini asubuhi, na usiku anameza dawa inayoifukuza ile ya asubuhi. Hakuumwa kichwa, hakutapika, HB yake (kipimo cha wingi wa damu) ilikuwa nzuri. Huo ukimya ndio ulionitisha.

Kazi yangu ni ya maabara. Mwongozo huu ni wa anayeanza dawa hizi akiwa Mwanza mjini, Sengerema, Geita au Ukerewe, na wa ndugu anayemuuguza. Nitaingia mpaka ndani ya seli, kwa sababu ukijua dawa inafanya nini humo utajua lipi ni la kuvumilia na lipi ni la kuwahi kivuko cha kwanza. Kwa ninavyoona mimi, dawa za sasa zenyewe ni pole. Balaa huletwa na seli zinazoingia na dawa nyingine zinazokutana nazo njiani.

Kwanza kabisa: una kirusi, au una kumbukumbu ya kirusi?

Kipimo cha haraka cha tone la damu hakioni kirusi. Kinaona kingamwili, yaani alama kwamba kirusi kiliwahi kupita. Karibu watu 30 katika kila 100 walioambukizwa hukifukuza wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa yoyote, lakini kingamwili hubaki. Kwa hiyo kabla ya kumeza chochote, pimwa wingi wa kirusi chenyewe. Mashine ya GeneXpert, ileile inayopima TB, ina kifaa chake cha homa ya ini C, kwa hiyo uliza kama kinapatikana hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe. Usianze dawa kwa mistari miwili tu ya kipimo cha haraka.

Soma jina dogo kwenye chupa

"Natumia dawa za ini" haitoshi. Jina kubwa kwenye chupa ni la kampuni. Jina la dawa liko chini yake kwa herufi ndogo, na hilo ndilo la kuandika kwenye daftari lako pamoja na miligramu.

Utakachokuta mara nyingi ni sofosbuvir 400 na daclatasvir 60, kimoja kimoja kila siku kwa wiki 12. Au kidonge kimoja chenye sofosbuvir 400 na velpatasvir 100, nacho wiki 12. Wengine hupewa ledipasvir badala ya velpatasvir. Iko pia glecaprevir na pibrentasvir, vidonge vitatu kwa mpigo pamoja na chakula, kwa wiki 8. Zote hizi humlenga kirusi moja kwa moja, na zaidi ya watu 95 katika kila 100 hupona kabisa.

Ukiona ribavirin kwenye orodha yako, weka alama. Ina sehemu yake hapa chini, tena ndefu.

Ukiambiwa sindano za interferon, unaongelea zama nyingine. Interferon ilianza kutumika kwa homa ya ini C mwaka 1991, ikaunganishwa na ribavirin mwaka 1998, na mgonjwa alichomwa kwa wiki 24 au 48. Ilileta homa kama ya malaria, huzuni ya kufikia mtu kutaka kujiua, ikavuruga tezi ya shingo, na ikabana uboho wa mifupa mpaka chembe nyeupe na chembe sahani (za kugandisha damu) zikashuka. Sifa mbaya za "dawa za ini" zinazozunguka mitaani nyingi zimetoka huko. Jirani akikwambia shemeji yake nusura afe kwa dawa hizi, muulize ilikuwa mwaka gani, na kama alikuwa anachomwa sindano.

Kinachotokea ndani ya seli ya ini

Kirusi cha C huzaliana kwenye ute wa seli, nje ya kiini. Hakijifichi kwenye vinasaba vyako. Ndiyo maana kinaweza kufagiliwa chote kikaisha, tofauti na kirusi cha homa ya ini B ambacho huacha mbegu ndani ya kiini chenyewe. Ikumbuke tofauti hiyo, tutaihitaji.

Sofosbuvir unayoimeza ni dawa iliyolala. Seli ya ini ndiyo inayoiamsha, kwa kuivua ganda na kuifungia fosfati tatu. Ikishaamka inafanana na uzi mmoja wa kawaida wa kusukia RNA, yaani vinasaba vya kirusi. Mfikirie fundi wa nyavu pale Mwaloni. Umemchanganyia kwenye nyuzi zake uzi mmoja usiofungika fundo. Akiushika tu, wavu unaishia hapo. Fundi huyo ni kimeng'enya cha kirusi. Daclatasvir, velpatasvir na ledipasvir hazigusi uzi, zenyewe humkamata msaidizi wa fundi, protini iitwayo NS5A. Glecaprevir huvunja mkasi ambao kirusi hukatia protini zake.

Sasa swali la maana: hata seli zetu zina mafundi wao. Mbona hawadanganyiki? Kwa sofosbuvir, vimeng'enya vya binadamu huukataa ule uzi, pamoja na vile vya mitokondria, majiko yanayoipa seli nguvu. Lakini dawa zote za ukoo huu hazikuwa na bahati hiyo. Mwaka 1993 huko Marekani watu 15 walijaribiwa dawa ya homa ya ini B iitwayo fialuridine. Ilionekana njema kwa wiki kadhaa. Kumbe kimeng'enya cha mitokondria kilikuwa kinaisuka ndani ya vinasaba vya mitokondria, majiko yakazimika moja baada ya jingine, asidi ya laktiki ikajaa kwenye damu. Watu 5 walikufa, na wengine 2 walipona kwa kupandikizwa ini jipya. Mwaka 2012 dawa nyingine ya kujaribu, hii ya homa ya ini C yenyewe, ikiitwa BMS-986094, ilisimamishwa baada ya wagonjwa kupata moyo kushindwa, mmoja akafariki.

Nimeyaeleza hayo kwa sababu hofu ya watu haikuzuka hewani. Ila dawa zilizoua hazikuingia sokoni, na zilizoingia zilipimwa kwa macho makali zaidi kwa ajili ya waliokufa.

Vipimo vya kuanzia, na namna ya kuvisoma

Usianze bila namba za kulinganishia. Omba kipimo cha damu kamili (wenyewe wanakiita FBP), vimeng'enya vya ini ALT na AST, kreatinini ya figo, sukari, VVU, ujauzito kwa mwanamke, na kipimo cha homa ya ini B. Hicho cha mwisho kisirukwe hata kama umeambiwa hakuna vitendanishi. Ahirisha, rudi wiki ijayo.

Kisha daktari atataka kujua kama ini limeshasinyaa. Kuna hesabu iitwayo APRI ambayo unaweza kuifanya kwa simu yako. Chukua AST yako, gawa kwa kiwango cha juu cha kawaida kilichoandikwa kwenye karatasi ya majibu, zidisha kwa 100, kisha gawa kwa chembe sahani. Tuseme AST ni 96, kiwango cha juu ni 40, chembe sahani ni 110. 96 kwa 40 ni 2.4. Mara 100 ni 240. Gawa kwa 110, unapata 2.18. Ikizidi 2, ini huenda limesinyaa.

Hapa kwetu lakini hesabu hii ina mtego ambao vitabu vya ughaibuni havina haja ya kuutaja. Mtu aliyekulia ziwani mara nyingi ana kichocho cha tumbo cha miaka mingi. Kichocho huziba mishipa midogo ya ini, bandama ikavimba, na bandama kubwa humeza chembe sahani. Malaria nayo huzishusha. Kwa hiyo chembe sahani 110 za mvuvi wa Ukerewe zinaweza kuwa za bandama na si za ini kusinyaa. Mwambie daktari kama uliwahi kutibiwa kichocho, na usipime FBP ya kuanzia wiki uliyougua malaria. Kipimo cha ultrasaundi ya ini na bandama husaidia kutenganisha.

Na kwa kuwa tumekitaja kichocho: Misri ilijaza homa ya ini C nchi nzima kwa sindano za kutibu kichocho zilizorudiwa mtu kwa mtu, kabla vidonge havijachukua nafasi yake. Ukienda kuchomwa sindano popote, tazama ikifunguliwa mpya mbele yako.

Kwa nini kusinyaa kwa ini kuna uzito hivi? Kwa sababu mtu ambaye ini lake limeshashindwa, mwenye maji tumboni, macho ya njano au kuchanganyikiwa, haruhusiwi dawa za kundi la glecaprevir kabisa. Seli chache zilizobaki haziwezi kuzisafisha, dawa hurundikana, na ini humalizikia hapo. Dawa za sofosbuvir na velpatasvir ndizo zake, mara nyingi pamoja na ribavirin, chini ya daktari bingwa.

Mimina kila kitu mezani

Hii ndiyo hatua ambayo ingemwokoa yule mzee wiki tatu. Jioni kabla ya kwenda kliniki, chukua kila unachomeza, unachokunywa, unachochanja na unachonusa, weka mezani, kisha kitie chote kwenye mfuko mmoja uende nao. Usichague. Cha aibu ndicho kitangulie.

Hatari kubwa kuliko zote ni dawa zinazoamsha seli kufukuza dawa. Seli za utumbo zina pampu zinazotema kemikali ngeni zirudi tumboni, na ini lina vimeng'enya vya kuzikatakata. Rifampicin ya TB huziamsha pampu na vimeng'enya hivyo zikafanya kazi maradufu. Phenobarbital, phenytoin na carbamazepine za kifafa ni hivyohivyo. Sofosbuvir inaingia, inatemwa. Hutajisikia vibaya hata kidogo, na baada ya wiki 12 kirusi kipo palepale, pengine kimeshajifunza usugu. Mwenye TB kwa kawaida humaliza kwanza dawa za TB. Mwenye kifafa hubadilishiwa dawa ya kifafa, na hiyo hufanywa taratibu na daktari: kuikatisha phenobarbital ghafla kunaleta degedege, na degedege mtumbwini ni kifo. Mzee wetu alibadilishiwa hivyo, akaanza upya siku ya 1.

Kwa wanaotumia ARV: mwenye TLD, yenye dolutegravir, kwa kawaida hana mgongano na sofosbuvir na daclatasvir. Aliyebaki na efavirenz huongezewa daclatasvir hadi 90, na velpatasvir haimfai. Aliye kwenye atazanavir iliyochanganywa na ritonavir hupunguziwa daclatasvir hadi 30. Velpatasvir na ledipasvir hupandisha tenofovir kwenye damu, kwa hiyo kreatinini ipimwe njiani.

Omeprazole, ambayo watu wanaimeza kama pipi, hupunguza asidi ya tumbo na velpatasvir na ledipasvir zinahitaji asidi hiyo ili ziyeyuke. Daclatasvir haisumbuki nayo. Vidonge vya kutafuna vya magnesium vipishane na dawa hizo kwa saa 4. Amiodarone ya moyo ikikutana na sofosbuvir inaweza kushusha mapigo ya moyo mpaka mtu azimie. Marekani walitoa onyo hilo Machi 2015 baada ya mgonjwa mmoja kufa. Dawa za kushusha mafuta ya damu zikikutana na dawa hizi zinaweza kuyeyusha misuli, mkojo ukawa wa rangi ya koka.

Wenye kisukari wanaomeza glibenclamide wasikilize hapa. Kirusi cha C huifanya seli isiisikie insulini. Kirusi kikiondoka seli huanza kusikia tena, na dozi ileile ya kisukari inakuwa nyingi. Jasho la ghafla, mikono kutetemeka, njaa ya ajabu katikati ya soko: kunywa soda yenye sukari, kisha mpigie daktari apunguze dozi.

Dawa za mizizi sina ugomvi nazo kwa ujumla, lakini kwa wiki hizi 12 zipumzishwe zote. Hatujui kilichomo, na ALT ikipanda hatutajua tumlaumu nani.

Siku 84

Chupa moja kwa kawaida ina vidonge 28. Chupa tatu, siku 84. Andika namba ya siku kwenye kalenda ya ukutani, usitegemee kichwa. Anayekwenda ziwani kuvua dagaa usiku amuachie mkewe au kaka yake jukumu la kumkumbusha, au ameze kabla ya kupanda mtumbwi. Ukisahau sofosbuvir na ukakumbuka kabla ya saa 18 kupita tangu muda wako, meza. Zikipita, subiri muda wako wa kesho, usimeze viwili. Ukitapika kabla ya saa 2 kupita tangu umeze, meza kingine.

Maudhi madogo madogo utakayokutana nayo ni kichwa kuuma, uchovu, kichefuchefu, na usingizi kupungua. Mengi huja wiki mbili za kwanza kisha hupoa. Kunywa maji, meza baada ya chakula, na kwa kichwa parasetamoli kidogo inatosha, isizidi gramu 2 kwa siku kama ini lako limesinyaa. Epuka diclofenac ukiwa na ini lililosinyaa, inaumiza figo na inaweza kukutoa damu tumboni. Gongo na bia, usiguse.

Ukipewa ribavirin

Chembe nyekundu ya damu ni seli ya ajabu. Haina kiini, haina mitokondria. Imevuliwa kila kitu ili ibebe oksijeni tu, inazunguka kwa siku kama 120, kisha bandama inaichukua. Ribavirin ikiingia humo, inafungiwa fosfati kama kwenye seli nyingine. Seli nyingine zina kimeng'enya cha kuifungua ili itoke. Chembe nyekundu haina. Ni mgono: samaki ameingia, mlango wa kutokea hauoni. Dawa inarundikana, ikafikia karibu mara 60 ya ile iliyo kwenye maji ya damu. Nguvu kidogo ya chembe inamalizika, utando wake unaharibika kwa kuungua, na bandama inaiona imezeeka kabla ya siku zake na kuimeza.

Kwa hiyo HB inashuka, si kwa kuvuja damu wala kwa kukosa chakula. Hushuka zaidi katika wiki ya 1 mpaka ya 4, kwa wengi gramu 2 hadi 3, kisha husimama, kwa sababu uboho unaona pengo na kuongeza kasi. Mtu wa HB 13.4 akifika 10.9 wiki ya nne, hilo lilitarajiwa. Zama za interferon uboho ulikuwa umebanwa na sindano, haukuweza kuongeza kasi, ndipo watu wakadhoofika vile.

Ratiba ninayoshauri: pima HB kabla ya kuanza, wiki ya 2, wiki ya 4, kisha kila mwezi. Kwa mtu asiye na ugonjwa wa moyo, HB ikishuka chini ya 10 daktari hupunguza dozi. Ikishuka chini ya 8.5 huisimamisha ribavirin, na dawa nyingine zinaendelea. Mwenye ugonjwa wa moyo hasubiri hapo: ikishuka gramu 2 ndani ya wiki 4 zozote, dozi ipunguzwe. Dozi ya kawaida ni miligramu 1000 kwa siku kwa mwenye chini ya kilo 75, na 1200 kwa mwenye kilo 75 au zaidi, ikigawanywa asubuhi na jioni. Aliyeshindwa ini huanza na 600. Mwenye figo dhaifu huhitaji dozi yake, maana ribavirin hutoka kwa njia ya figo.

Siku hizo za kati ya kipimo na kipimo, jiangalie nyumbani. Simama dirishani mchana, vuta kope la chini kwa kidole. Ndani panatakiwa pawe pekundu kama nyama ya papai lililoiva. Pakiwa peupe kama ganda la ndani la muhogo, usisubiri tarehe. Angalia pia kilima ulichokizoea. Mama mmoja wa Kirumba aliniambia alijua damu imeshuka siku aliposimama mara tatu kwenye ngazi za mawe za nyumbani kwake, ngazi ambazo huzipanda na ndoo kichwani. HB yake siku hiyo ilikuwa 9.1. Ngazi zake zilikuwa kipimo kizuri kuliko swali la "unajisikiaje?"

Sasa kosa la kila siku. HB ikishuka, ndugu wanakimbilia FEFO (vidonge vya madini ya chuma), rozela na juisi ya bitiruti. Madini ya chuma hayajapungua hapa. Chembe zinavunjwa, na chuma chake kinabaki mwilini. Ini bovu likiongezewa chuma kisichohitajika linaumia zaidi. Usimeze FEFO mpaka daktari aone kweli chuma kimepungua. Tena, kwetu HB inaweza kushushwa na malaria wakati huohuo, kwa hiyo ukiwa na homa pima malaria kwanza kabla ya kuilaumu ribavirin.

Kuna watu ribavirin haiwafai kabisa. Wa kwanza ni mwenye selimundu. Kanda ya Ziwa ina selimundu kwa wingi, na mgonjwa aliyeongezewa damu mara nyingi ndiye huyohuyo anayeweza kuwa na homa ya ini C. Chembe zake tayari zinavunjika mapema. Kumpa ribavirin ni kumwongezea moto. Aseme tangu dirisha la kwanza. Wa pili ni mjamzito, au mwanamume ambaye mkewe ni mjamzito. Ribavirin huharibu kiumbe tumboni, na kwa kuwa hutoka mwilini polepole sana, nusu yake ikichukua siku kama 12 kuondoka, uzazi wa mpango uendelee miezi 6 mpaka 9 baada ya kidonge cha mwisho, kwa mume na kwa mke. Hata kukivunja kidonge kwa mkono mjamzito asifanye. Ribavirin haichanganywi na didanosine, ARV ya zamani: zikikutana huzima majiko ya mitokondria kama ile hadithi ya 1993. Zidovudine nayo inashusha damu, mbili pamoja ni nyingi.

Jirani aliyelala ndani ya seli

Turudi kwenye mbegu ya homa ya ini B niliyosema inabaki kwenye kiini. Mtu akiwa na virusi vyote viwili, mara nyingi C hutawala ini na B hukaa kimya. Dawa zinamfukuza C. B anaona nafasi, anaamka. Kinga ya mwili inazivamia seli zenye B, na ini linaweza kuungua lote. Si kosa la dawa kuingia mahali pabaya. Ni kazi yake nzuri imemfungulia mwingine mlango. Oktoba 2016 Marekani iliweka onyo zito kwenye dawa zote hizi kwa sababu hiyo.

Ukikutwa na B, daktari ataamua kama uanze tenofovir kabla au pamoja na dawa za C, na iendelee kwa muda baada ya hapo. Mwenye VVU aliye kwenye TLD tayari ana kinga hiyo, kwa sababu ndani yake mna tenofovir na lamivudine. Ndiyo sababu nyingine ya kutoiruka. Asiye na B apate chanjo.

Kwa mwenye B, ALT ipimwe wiki ya 4, ya 8, ya 12, na tena wiki 12 baada ya kumaliza. ALT kwenye dawa za C inatakiwa ishuke. Ikishuka kisha ikapanda ghafla, hiyo ndiyo kengele.

Vya kutosubiri asubuhi

Macho kuwa ya njano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, tumbo kujaa, kutapika damu au kinyesi cheusi kama lami, kuchanganyikiwa au kusinzia mchana. Mapigo ya moyo kwenda polepole mno au kuzimia. Kupumua kwa kasi bila kukimbia, pamoja na maumivu ya tumbo na misuli. Kifua kubana ukiwa kwenye ribavirin. Uwe Nansio, Sengerema au Igoma, nenda kituo cha afya kilicho karibu kwanza, na daftari lako la dawa, wao ndio watakaokupa rufaa. Wa visiwani ajue mapema ratiba ya kivuko na nani ana boti ya injini. Kutoka upande wa Sengerema sasa daraja la Kigongo–Busisi limepunguza kungoja.

Maudhi yakizidi usikatishe dawa kwa uamuzi wa familia. Piga simu, uliza, endelea kumeza mpaka uambiwe. Na dhara lolote zito liripotiwe TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wana ofisi ya kanda hapahapa Mwanza. Mfamasia au daktari anajua fomu, mwombe aijaze mbele yako.

Ukishamaliza

Kupona hakupimwi siku ya kidonge cha mwisho. Subiri wiki 12, kisha pima wingi wa kirusi. Kisipoonekana, umepona. Unaweza kuambukizwa tena, hakuna kinga inayobaki, kwa hiyo wembe, sindano na vifaa vya kuchanjia vibaki vya mtu mmoja. Mwenye ini lililosinyaa ataendelea na ultrasaundi kila miezi 6 hata baada ya kupona, kwa sababu saratani ya ini huweza kuota kwenye kovu.

Karatasi ya jibu hilo la mwisho itunze kama hati ya kiwanja. Kipimo cha haraka kitaendelea kuonyesha mistari miwili kwa miaka mingi ijayo, na siku moja kijana mgeni kama mimi, nyuma ya dirisha jingine la maabara, atakuita pembeni kwa sauti ya chini akupe pole. Mtolee karatasi.